Swali la Umar Katika Soko la Bujumbura

Katika historia ya Burundi hakuna mfanyabiashara mwenye damu ya watawala anayependwa kama Louis Rwagasore, na watu wachache sana humkumbuka kama mfanyabiashara. Kaburi lake liko Vugizo, kilimani juu ya Bujumbura, na kila tarehe 13 Oktoba taifa huadhimisha siku aliyouawa. Lakini mwaka 1957, kabla hajawa sauti ya chama cha UPRONA na ya uhuru, mwana huyu wa Mwami (mfalme) Mwambutsa wa Nne alikuwa kijana wa miaka 25 aliyerejea kutoka masomoni Antwerp, na kazi kubwa ya kwanza aliyoishika ilikuwa ya biashara: kuanzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara.

Namtanguliza kwa makusudi. Zikitajwa habari za jamaa wa watawala wanaotajirika, akili hukimbilia Damascus na Luanda, ambako hukumu ni nyepesi kutoa. Kwa Rwagasore si nyepesi. Yeye ndiye anayetulazimisha kuuliza kosa hasa liko wapi. Je, ni udugu wenyewe? Ni biashara? Au kuna kitu cha tatu kinachopita katikati ya hivyo viwili, ambacho sheria nyingi za kale na za sasa zimekilenga bila kukipata?

Usumbura ya wakati ule, kama jiji lilivyoitwa, ilikuwa na biashara ya jumla iliyoshikwa na Wabelgiji, Wagiriki, Waarabu na Wahindi. Mwafrika aliyeuza nguo, chumvi au samaki wa ziwani alinunua kwao kwa bei yao. Wengi wa wauzaji hao wadogo walikuwa Waswahili wa Buyenzi na wa mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza: Waislamu, watu wenye ndugu Ujiji na Kigoma, ambao serikali ya kikoloni iliwatazama kama wageni hata kama walizaliwa hapo. Rwagasore aliketi na watu hao. Ushirika wao ulikusudiwa kuagiza bidhaa moja kwa moja na kumwondoa mtu wa kati. Haukufanikiwa kama ilivyotarajiwa. Uliingia kwenye madeni, ukalaumiwa kwa uendeshaji mbaya, na utawala wa Ubelgiji ukataka kuushika mkononi. Lakini kutoka kwenye mikutano ile ya wauza maduka ndiko UPRONA ilikopata watu wake wa kwanza mjini, na ndiko uhusiano na TANU ya Nyerere huko Tanganyika ulikoota mizizi, kwa Kiswahili, lugha ambayo pande zote mbili za mpaka ziliielewa.

Hapo Wabelgiji walichukua hatua ambayo kwangu imeacha moja ya nyaraka muhimu kabisa katika mada hii. Agosti 1960, katika mkutano wa Brussels, ilipitishwa kwamba jamaa wa Mwami hadi daraja ya pili, wa damu au wa ndoa, wasishike wadhifa wa kisiasa wala kujihusisha na siasa. Kila aliyesoma alijua amelengwa nani. Kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo Rwagasore aliwekwa kizuizini nyumbani. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kuvutia: mfalme awe juu ya vyama, na watoto wake wasitumie jina lake kupata kura. Ukiisoma bila kujua nani kaiandika na kwa nini, unaweza kuipigia makofi. Ila iliziba mlango mmoja tu. Mwana wa mfalme angeweza kumiliki maghala yote ya Usumbura na sheria ile isingemgusa. Alichokatazwa ni kuwaomba watu kura.

Warumi walikuwa wamejenga ukuta huohuo kutoka upande wa pili. Mwaka 218 kabla ya Kristo, mtetezi wa umma Quintus Claudius alipitisha sheria iliyomzuia mjumbe wa Seneti, na mtu yeyote ambaye baba yake alikuwa mjumbe, kumiliki jahazi la baharini lenye uwezo wa kubeba zaidi ya mitungi 300. Kiasi hicho kilionekana kinatosha kusafirishia mazao ya shamba lake. Kuzidi hapo kulihesabiwa biashara, na biashara haikufaa watu wa hadhi ile. Kinachonishangaza ni jinsi walioiandika walivyojua kwamba ukimfunga baba peke yake hujafunga kitu, maana jahazi litasajiliwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo wakamtaja mwana waziwazi.

Hata hivyo haikuchukua muda mrefu njia ikapatikana. Plutarch anasimulia kwamba Cato, mzee yuleyule aliyesifika kwa maadili makali, alikopesha fedha za biashara ya baharini kwa kuwataka wakopaji waunde kampuni ya watu 50, kisha yeye akachukua hisa moja kupitia kwa Quintio, mtumwa wake aliyemwachia huru. Sheria ilitaja baba na mwana, haikumtaja mtumwa huru. Kila orodha ya jamaa waliokatazwa ina mtu mmoja ambaye hakuandikwa, na mali humfuata huyo.

Tanganyika ilipokuwa Tanzania ilijaribu tena. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Na likaeleza kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mama pamoja na mumewe. Mke akaingizwa. Watoto hawakutajwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, iliyokuja baada ya Azimio la Zanzibar kulegeza miiko mwaka 1991, inamtaka kiongozi atangaze mali yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Mwana wa miaka 30 mwenye kampuni yake amebaki nje. Roma ya kale ilimwona, Dodoma haikumwona. Kenya, kwa upande wake, ilichagua kutojenga ukuta kabisa: Tume ya Ndegwa ya 1971 iliruhusu watumishi wa umma kufanya biashara, na matunda yake Wakenya wanayajua bila kusimuliwa. Naiheshimu miiko ya Arusha kuliko ruhusa ya Ndegwa, tena kwa mbali, kwa sababu angalau ilikiri kwamba kuna hatari. Lakini zote mbili zilijibu swali la nani afanye biashara na nani asifanye, na sidhani hilo ndilo swali.

Swali lenyewe liliulizwa Madina, na msimuliaji ni Imam Malik katika kitabu chake Al-Muwatta, mlango wa mtaji wa ubia. Abdullah na Ubaydullah, watoto wa Khalifa Umar bin al-Khattab, walikuwa wamekwenda na jeshi Iraki. Wakirudi walipita kwa gavana wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari. Yeye alikuwa na fedha za hazina ya umma anazotaka kuzipeleka kwa Khalifa. Akaona njia ya kuwasaidia vijana: awakopeshe fedha zile, wanunue bidhaa Iraki, wauze Madina, mtaji waukabidhi kwa baba yao, na faida iwe yao. Wakafanya hivyo, wakapata faida. Hazina haikupoteza hata sarafu moja.

Umar alipopata habari aliwauliza kama gavana alikuwa amewakopesha askari wote wa jeshi lile kama alivyowakopesha wao. Wakajibu hapana. Basi akawaamuru walete mtaji na faida yote, kwa kuwa walikopeshwa kwa sababu ni watoto wa Amiri wa Waumini. Abdullah akanyamaza. Ubaydullah akabisha, na hoja yake ni ya kusikilizwa: kama fedha zile zingepotea au kupungua, sisi ndio tungelipa. Umar akarudia amri yake. Mwishoni mtu mmoja kati ya waliokuwapo barazani akapendekeza jambo lile lihesabiwe ubia wa mtaji na kazi. Umar akakubali: mtaji wote na nusu ya faida vikarudi hazina, na nusu iliyobaki ikaenda kwa vijana wawili.

Nimeirudia hadithi hii mara nyingi, na kila mara naona Umar hakushuka kwenye uwanja ambao Ubaydullah alitaka wapigane. Hakusema vijana hawakufanya kazi. Walifanya. Hakusema hawakubeba hatari, wala kwamba biashara ni haramu kwa mtoto wa Khalifa. Kila tajiri aliyeinuliwa na jamaa yake ana hoja ya Ubaydullah mfukoni: nilihangaika, nilikesha, ningeweza kufilisika. Mara nyingi anasema kweli. Umar alihama kutoka kwa mfanyabiashara akaenda mlangoni: nani mwingine alifunguliwa? Na nusu ya faida aliyowaachia inaonyesha kwamba alijua kutenganisha malipo ya jasho na malipo ya jina.

Miaka zaidi ya 700 baadaye Ibn Khaldun, aliyezijua vizuri ikulu za Tunis, Fez na Granada, alieleza upande wa uchumi wa jambo hilohilo. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, kuna sehemu nzima inayoonyesha kwamba mtawala akiingia sokoni anawadhuru raia na kuiharibu hazina yake mwenyewe. Maelezo yake ni ya mtu aliyeona kwa macho. Wafanyabiashara wanaolingana hushindana hadi kila mmoja apate riziki yake. Akiingia mwenye dola, hakuna wa kushindana naye. Hununua kwa bei aipendayo, huuza kwa bei aipendayo, na wengine hufunga maduka. Wakifunga, kodi waliyokuwa wakilipa hupotea, na faida ya mtawala haiwezi kufidia kodi iliyopotea. Anayesema kwamba tajiri wa ukoo wa rais angalau anajenga viwanda na kuajiri watu ajibu kwanza hesabu hii: maduka mangapi yalifungwa ili lile moja lifunguliwe?

Syria iliilipa hesabu hiyo hadharani. Rami Makhlouf alikuwa mtoto wa mjomba wa Bashar al-Assad. Shangazi yake Anisa ndiye mama wa Bashar. Aliimiliki Syriatel, kampuni kubwa ya simu, na mtandao wa biashara ulioanzia maduka yasiyotozwa ushuru mipakani. Machi 2011 watu wa Daraa walipoasi, miongoni mwa walivyovichoma moto zilikuwemo ofisi za Syriatel. Mwaka 2020 Makhlouf mwenyewe alijirekodi kwa video akilalamika kwamba serikali ya binamu yake inamnyang'anya. Kampuni ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Huko Angola, Isabel dos Santos aliwekwa na baba yake kuongoza shirika la mafuta la Sonangol Juni 2016. Baba aliondoka madarakani Septemba 2017, na Novemba binti akafukuzwa kazi. Desemba 2019 mali zake nchini zilizuiwa na mahakama.

Jirani zaidi, nchini Rwanda, ng'ambo ya mto Akanyaru, alikuwepo Félicien Kabuga wa Byumba, aliyeanza na biashara ndogo, akapanda hadi kumiliki mashamba ya chai, na binti yake akaolewa na mwana wa Rais Habyarimana. Alikuwa mwenyekiti wa redio RTLM. Alikamatwa karibu na Paris Mei 2020 baada ya miaka zaidi ya 20 ya kujificha, kesi yake ya mauaji ya kimbari ikaanza The Hague 2022, na mwaka uliofuata majaji wakaisimamisha kwa sababu ya afya ya akili yake. Hakuhukumiwa. Kwa hiyo sitasema zaidi ya mashtaka yalivyosema, isipokuwa hili: ndoa ile haikuwa jambo la familia mbili tu. Kigali ya wakati ule ilijua kwamba mlango wa ikulu na mlango wa benki ulikuwa mmoja.

Na Burundi? Ufalme wa zamani ulikuwa na utaratibu wake, mkali lakini wenye maarifa. Baganwa, wazao wa wafalme, walipewa nchi za kutawala na ng'ombe wa kugawa, na kupitia ubugabire mtu wa kawaida alijifunga kwao kwa ng'ombe mmoja. Lakini hadhi hiyo ilikuwa na mwisho. Majina ya wafalme yalizunguka, Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, na kila mfalme mpya alipoketi, wanawe walitafutiwa nafasi kwa kuwasukuma wazao wa waliotangulia. Baada ya vizazi kadhaa wazao hao hawakuhesabiwa tena baganwa. Wakawa bafasoni, karibu na raia wengine. Udugu na kiti cha enzi ulichakaa. Pembeni walikuwepo bashingantahe, wazee wa kilima waliovishwa heshima hiyo mbele ya watu kwa mwenendo wao, si kwa kurithi, nao waliweza kumwamulia hata mtu wa chifu. Sitaki kuupamba ufalme ule: kusukumana huko kwa koo ndiko kulikozaa uhasama wa Bezi na Batare, na uhasama huo ulikuwa chini ya mauaji ya Rwagasore. UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64 tarehe 18 Septemba 1961, na chini ya mwezi mmoja baadaye waziri mkuu mpya akapigwa risasi katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Walionyongwa Gitega Januari 1963 kwa njama ile walikuwa pamoja na watoto wa chifu Baranyanka, mmoja wa Batare, na mfanyabiashara Mgiriki, Michel Iatrou. Ukoo na biashara vilikaa meza moja kupanga kifo cha mtu aliyekuwa amejaribu kuviunganisha kwa namna nyingine.

Jamhuri iliyokuja Novemba 1966 ilifuta ufalme, lakini ukaribu na kiti ukaendelea kulipa, bila ule mwisho wa vizazi. Micombero, Bagaza na Buyoya, marais watatu wa kijeshi, wote walitoka Rutovu, mkoani Bururi. Mwaka 1972 tuliona upande wa pili wa mali inayofuata ukoo: maelfu kwa maelfu ya Wahutu waliuawa, na nyumba, magari na fedha za benki za wengi wao zikachukuliwa, wajane wakaachwa mikono mitupu. Mahali ambapo ujamaa na watawala hutoa mali, kukosa ujamaa huo huiondoa.

Chama kinachotawala tangu 2005 hakikutoka katika ukoo mmoja. Kilitoka porini, na udugu wa waliokula na kulala pamoja vitani una nguvu ya damu. Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mkasa wa Alain-Guillaume Bunyoni unaipa methali hiyo uzito. Alikuwa mwenzao wa porini, mkuu wa polisi, waziri, kisha waziri mkuu tangu 2020, na jina lake lilitajwa pamoja na utajiri mkubwa. Aliondolewa Septemba 2022, akakamatwa Aprili 2023, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikamhukumu kifungo cha maisha, kujitajirisha isivyo halali kukiwa miongoni mwa makosa. Sina machozi kwa ajili ya mali hiyo. Ninachokiona ni kwamba aliulizwa kuhusu utajiri wake baada ya kupoteza cheo. Umar aliwauliza wanawe wakati yeye mwenyewe akiwa madarakani, nao wakiwa bado wapenzi wake.

Leo Bujumbura hazina haikopeshwi kwa mikono kama kule Basra. Ina njia nyepesi zaidi, na kila muuza duka anaijua: dola. Nchi inaingiza dola chache, na Benki ya Jamhuri ya Burundi huzigawa kwa kiwango rasmi. Mitaani dola hiyohiyo imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Mwaka 2020 ofisi za kubadilisha fedha zilifungwa, na watu wakabaki na magendo. Sasa tuseme mtu amepewa dola 100,000 kwa kiwango rasmi ili aagize bidhaa. Zikifika, bei ya sokoni inawekwa na wale walionunua dola zao mitaani. Yeye anauza kama wao, na nusu ya fedha inayoingia ni faida itokanayo na kiwango rasmi tu. Hakuhitaji kuwa hodari wala mwizi. Karatasi zake zote ni safi, kodi amelipa, hatari ya meli kuzama ameibeba. Ni hoja ya Ubaydullah neno kwa neno. Na mama anayeuza vitenge Buyenzi, ambaye hajawahi kuuona ukurasa wa mgao huo, ndiye askari ambaye hakukopeshwa.

Kwa kipimo hiki narudi kwa Rwagasore, na napata jibu ambalo orodha za Brussels, Roma na Arusha haziwezi kunipa. Jina la baba yake lilimfungulia milango. Kukana hilo ni kumfanya malaika. Lakini alipoingia aliiacha wazi. Wanachama walikuwa wauzaji wale ambao wauza jumla waliwabana, na faida, kama ingepatikana, ilikuwa yao. Madeni ya ushirika ni doa la kweli, kwa sababu hasara yake iliangukia watu wadogo, na jina kubwa linaweza kuficha hesabu mbovu kwa muda mrefu kuliko jina dogo. Angeulizwa na Umar, nadhani angeweza kujibu kuhusu mlango. Kuhusu daftari la hesabu angetoka jasho.

Swali hilo Bujumbura limewahi kuulizwa kwa sauti. Ernest Manirumva, makamu wa rais wa OLUCOME, shirika linalopambana na rushwa na ubadhirifu, aliuawa usiku wa kuamkia 9 Aprili 2009. Mahakama ilitoa hukumu mwaka 2012, lakini mashirika ya kiraia yalishikilia kwamba maafisa wa juu waliotajwa hawakuhojiwa ipasavyo. Alikuwa akifuatilia nani kapata nini na kupitia kwa nani. Kule Madina, mtu wa tatu barazani aliweza kufungua mdomo kwa sababu shauri la watoto wa Khalifa lilisikilizwa mbele ya watu, naye alirudi nyumbani salama.

Hakuna haja ya kuandika tena orodha ya binamu na wakwe. Benki ya Jamhuri inajua kila kampuni iliyopewa dola kwa kiwango rasmi, kiasi gani, tarehe gani, na kwa kuagiza nini. Itoe majina hayo kila mwezi, yabandikwe mahali ambapo wauza duka wa Buyenzi na Bwiza watayasoma, kwa Kirundi na Kiswahili. Wao wenyewe wanajua nani ni mtoto wa nani.